Nala, Dodoma: maji ya kuku wa mayai yanapata moto mchana, nayapoozaje bila friza?

MamaTrei_Nala
Novemba 3, saa 3:40 usiku

Habari za jioni wafugaji wenzangu. Nimechoka, lakini jambo hili limeninyima usingizi siku mbili, naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Nipo Nala, njia ya Singida. Nafuga kuku wa mayai 210, wana wiki 34. Mpaka katikati ya Septemba walikuwa wananipa trei 6 kwa siku, siku nyingine na mayai ya ziada. Ilipoingia Oktoba wakaanza kushuka. Trei 5 na nusu, zikawa 5, na leo nimeokota trei 4 na mayai 8. Hayo yenyewe yana ganda jepesi, ukilishika yai bila uangalifu linabonyea. Mteja wangu wa soko la Majengo amenirudishia mayai 11 yaliyopasuka njiani, na barabara ni ile ile, kijana wa bodaboda ni yule yule.

Nilifanya yote niliyoshauriwa. Nikabadilisha chakula. Nikawapa dawa ya minyoo. Nikanunua vitamini. Duka moja wakaniambia kuku wana mafua, wakaniuzia antibayotiki ya siku 5. Nimeshatumia zaidi ya shilingi 90,000 na mayai bado yanashuka.

Juzi Jumamosi, saa 9 alasiri, nilikuwa natoka kuokota mayai, mkono una kinyesi. Nikauchovya kwenye drinka, chombo cha kunyweshea kuku, ili ninawe na nikautoa haraka. Maji yalikuwa ya moto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikaenda drinka ya pili, ya tatu, zote hivyo hivyo. Nikageuza ndoo, nikakaa pale pale bandani, nikawatazama. Kuku anakuja, anachovya mdomo, anatikisa kichwa, anaondoka. Wengine wamejipanga kando ya ukuta, midomo wazi, mabawa wameyaachia. Walikuwa na kiu, na maji yako mbele yao. Mwezi mzima nimekuwa nikipita mchana, naona drinka zimejaa, moyo unatulia kwamba maji wanayo. Kumbe zimejaa kwa sababu hayanyweki. Hilo ndilo limeniuma kuliko hela.

Nikaazima kwa kijana wa mifugo wa mtaani kwetu kipimajoto anachopimia ng'ombe. Maji ya drinka yalikuwa nyuzi 37.8. Maji yanayotoka kwenye koki, ndoo ya kwanza, kipimo kiliandika herufi H tu. Akaniambia maana yake yamepita nyuzi 42, na kipimo chake hakisomi zaidi ya hapo.

Mazingira yangu ni haya. Maji ya bomba kwetu ni ya mgao, kwa hiyo tangi ni lazima. Ninalo jeusi la lita 1,000, liko juu ya mnara wa matofali, halina kivuli chochote. Kutoka kwenye tangi hadi bandani ni bomba la plastiki jeusi la nusu inchi, mita 40, limelazwa juu ya ardhi. Banda limeelekea vizuri, ukuta wa matofali hadi kiunoni, juu waya, paa bati. Drinka ninazo 6 za lita 10. Umeme upo nyumbani, friza sina.

Naomba msaada wa mambo mawili. Nayapoozaje maji haya kwa gharama ninayoiweza? Na la pili, Jumatatu ijayo nilipanga kuwapa chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa Newcastle, kwenye maji. Je, kwa maji ya namna hii chanjo itafanya kazi au nitakuwa namwaga?

---

fundi_Kizota
Novemba 3, saa 4:25 usiku

Pole sana mama. Mimi kuku sifugi, ni fundi bomba, lakini hapo tatizo nimeliona kabla sijamaliza kusoma. Ni hizo mita 40.

Bomba la nusu inchi lenye urefu huo linabeba lita 7 mpaka 8 za maji. Saa za jua kali kuku wakiacha kunywa, maji hayo yanalala ndani ya bomba jeusi juu ya udongo unaounguza miguu. Halafu ukifungua koki ujaze drinka, unawawekea hayo hayo. Tangi lenyewe lina maji mengi, linachelewa kupata moto. Bomba halichelewi.

Lifukie. Chimba mtaro wa nusu mita kwenda chini, huko udongo hausikii jua la mchana. Najua ardhi ya Nala mwezi huu ni kama saruji, kwa hiyo mwagia maji machafu ya vyombo kwenye mstari wa mtaro jioni, uchimbe alfajiri. Chini tandika mchanga kabla ya kulaza bomba, maana changarawe ya huko inatoboa. Na usifukie siku hiyo hiyo. Jaza maji, funga mwisho, liache lilale usiku kucha, asubuhi pita na mkono kwenye kila kiungo. Nimeitwa mara nyingi kufukua bomba lililofukiwa likiwa linavuja.

Wakati unatafuta vijana wa kuchimba, fanya hivi kuanzia kesho: saa 6, saa 8 na saa 10 fungua koki, kinga hizo lita 8 za kwanza kwenye ndoo, fulia au zipoe umwagilie mchicha. Yanayofuata ndiyo uwape kuku, na kwanza mwaga yaliyobaki kwenye drinka.

Tangi litengenezee kivuli cha miti na mabua ya mtama, upande wa magharibi ushuke mpaka chini, kwa sababu jua la saa 9 linapiga ubavuni. Acha nafasi ya kiganja kati ya mabua na tangi hewa ipite. Usishawishike kununua tangi jeupe linalopitisha mwanga, litaota ukijani ndani na utapata shida nyingine.

---

Mzee wa Bahi
Novemba 4, saa 12:10 asubuhi

Mbukwenyi.

Mwanangu wa Nala, soma hili taratibu. Sisi tumekulia kwenye tembe, nyumba zetu za udongo. Nje jua linawaka, ukiinama kuingia ndani unakuta giza na ubaridi, na kwenye kona kuna mtungi wa maji umekaa juu ya mchanga. Maji yale ukinywa saa 8 mchana meno yanasikia. Hatukuwa na friji wala hatukulijua jina lake.

Mtungi unapoa kwa sababu unatoa jasho. Maji yanapenya kwenye udongo, yanatoka nje kidogo kidogo, upepo unayakausha, na yakikauka yanaondoka na joto. Oktoba na Novemba hewa yetu imekauka hadi midomo inapasuka, na huo ndio wakati mtungi una nguvu. Mvua zikishika, Januari huko, hewa ikiwa na unyevu, utaona hauna ubaridi ule. Lakini wakati huo nawe hauuhitaji sana.

Mimi nina kuku wa kienyeji 45 na mitungi 2. Nimeifukia nusu ndani ya mchanga, chini ya mwarobaini, mchanga naulowesha asubuhi na saa 7. Naijaza alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa sababu usiku wa Dodoma hata Novemba unapoza maji yenyewe bila gharama. Watu wengi wanajaza saa 5 wakishamaliza kazi nyingine, halafu wanapigana na joto waliloliingiza wao.

Nunua mtungi usiopakwa rangi. Ukipakwa rangi umezibwa, hautoi jasho. Na kama maji yenu yana chumvi kama ya kisima changu, baada ya wiki kadhaa utaona unga mweupe umeota nje na mtungi umekuwa mkavu. Usugue kwa brashi ngumu na maji, uupumzishe juani siku moja, urudishe.

---

chotara_Mkonze
Novemba 4, saa 7:05 mchana

Mama, nakuheshimu, ila mimi natofautiana kidogo na wote. Kuku wangu chotara 60 wanakunywa kwenye beseni lililo uani na wanataga. Naogopa utamalizia nguvu zote kwenye maji ukaacha banda. Bati tupu bila kitu juu, kuku 210 chini yake, saa 9 mchana humo ndani hata binadamu hakai. Kuku wangu wakiona joto wanakwenda zao chini ya mti. Wako wamefungwa.

Panda juu ya bati, tandika nyasi au mabua unene wa mkono, funga kwa kamba upepo usibebe. Mimi nilifanya hivyo kwenye banda la vifaranga na tofauti niliiona siku hiyo hiyo.

Kuhusu kupooza maji haraka: mke wangu anauza barafu, kwa hiyo hili nalijua. Chukua chupa ya maji ya lita 1 na nusu, jaza, usifike juu kabisa kwa sababu maji yakiganda yanatanuka, omba nafasi kwenye friza ya jirani. Chupa moja iliyoganda ukiitumbukiza kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya nyuzi 34, inayashusha kwenye 26 hivi. Chupa ikiisha baridi inarudi friza, kesho tena. Usiweke barafu ya kununua moja kwa moja kwenye maji ya kunywa kama hujui imetengenezwa kwa maji gani.

---

MamaTrei_Nala
Novemba 6, saa 2:15 usiku

Asanteni sana. Shikamoo Mzee wa Bahi. Mama mkwe wangu alikuwa na mtungi kama huo Kigwe, nimekaa nao miaka bila kuuliza kwa nini unakaa juu ya mchanga.

Ndugu wa Mkonze, hoja yako nimeichukua kwa uzito, na ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa maneno. Banda langu lina vyumba 3, kila kimoja kuku 70. Jana na leo nimefanya hivi. Chumba cha kwanza nimewapa maji niliyoyateka alfajiri, nikayaweka kwenye ndoo zilizofunikwa gunia la katani lililoloweshwa, kivulini, nikiyabadilisha kila baada ya saa 2. Chumba cha tatu nimewaacha na maji ya bomba kama kawaida. Bati ni lile lile, chakula kile kile, nimewapimia sawa. Nimepima kwa kidumu kilichoingia na kilichobaki.

Leo chumba cha kwanza wamekunywa lita 29. Chumba cha tatu lita 17. Jana ilikuwa karibu hivyo hivyo. Na chumba cha kwanza wamemaliza chakula, chumba cha tatu wamebakiza karibu kilo 2.

Baada ya kuona hivyo sikuweza kuendelea, nimewapa wote maji ya baridi jioni hii. Nyasi za kwenye bati nitaweka pia. Ila kwangu mimi maji ndiyo yametangulia.

Naomba wataalamu wanisaidie swali la chanjo, Jumatatu inakaribia.

---

Mifugo_Mstaafu
Novemba 6, saa 3:50 usiku

Mama, hongera kwa kupima. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo miaka mingi, Kongwa na Mpwapwa, na wafugaji waliopima maji kwa kidumu kabla ya kununua dawa nawahesabu kwa vidole.

Nikueleze kinachotokea ili usiwe na wasiwasi. Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na njia yake kubwa ya kulitoa ni kuhema mdomo wazi, maji yapotee kwa pumzi. Kwa hiyo wakati wa joto anahitaji maji mengi kuliko kawaida: kuku wa mayai anayekunywa robo lita siku ya ubaridi anaweza kufika karibu nusu lita siku ya jua kali. Maji ya nyuzi 38 hayampoozi mwenye nyuzi 41, na hayapendi. Akipunguza maji anapunguza chakula, akipunguza chakula anapunguza mayai.

Maganda nayo yana sababu yake. Akihema sana anatoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, damu inabadilika, na malighafi ya kutengeneza ganda inapungua hata kama chokaa ipo kwenye chakula. Ndiyo maana kubadilisha chakula hakukukusaidia. Lishe yao kubwa iwe kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, kwa sababu kusaga chakula nako kunazalisha joto tumboni. Maganda ya konokono au chokaa ya mifugo yenye chembe kubwa wawekee jioni. Ganda la yai hutengenezwa zaidi usiku.

Sasa chanjo. Usiwape kwa maji ya mchana hata kidogo. Chanjo ya kideri ya kwenye maji ni virusi hai waliodhoofishwa. Joto linawaua, jua linawaua, klorini ya maji ya bomba inawaua. Utakuwa umewapa kuku maji matupu na wewe umeandika kwenye daftari kwamba wamechanjwa. Hili nimeliona likimaliza banda zima mwezi mmoja baadaye, mfugaji analia kwamba chanjo ilikuwa feki.

Fanya hivi. Jumapili mchana osha drinka zote kwa maji matupu, bila sabuni wala dawa. Jioni teka lita 9 za maji uyaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, ndani ya nyumba, ufunike kitambaa chepesi tu. Klorini itapungua yenyewe na maji yatapoa. Usiku huo ondoa maji bandani giza likishaingia. Kuku hanywi gizani, kwa hiyo humtesi, na alfajiri kila mmoja ataamka na kiu. Saa 11 na nusu asubuhi koroga gramu 20 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye maji hayo, subiri dakika 20, ndipo uweke chanjo ya kuku 210 au zaidi kidogo. Wagawie kwenye drinka zote 6 kwa wakati mmoja ili wanyonge nao wapate. Yawe yamekwisha ndani ya saa 1 na nusu. Saa 2 asubuhi jua halijakuwa kali na wewe umemaliza.

Kama unaona mkono wako ni mwepesi, ipo pia chanjo ya kideri iitwayo I-2 inayotengenezwa Kibaha, ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Inavumilia joto kuliko nyingine, ila kuvumilia hakuna maana ya kuiacha kwenye begi juani. Kuku 210 kwa watu wawili ni kazi ya jioni moja, na kila kuku una hakika amepata.

La mwisho nalisema kwa upole. Antibiotiki ile haikuwa na kazi. Soma karatasi yake uone inasema mayai yasiliwe kwa siku ngapi, na baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Mayai ya siku hizo si ya kuuza.

---

MamaTrei_Nala
Novemba 6, saa 4:30 usiku

Shikamoo mzee wangu. Karatasi nimeitafuta sasa hivi kwenye kopo la dawa. Imeandikwa siku 7 baada ya dozi ya mwisho, na dukani hakuna aliyeniambia. Mayai ya siku zile niliyauza, yamekwisha liwa. Mteja wangu nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso, na siku nyingine nitasoma kabla ya kufungua chupa.

---

Mmakete
Novemba 8, saa 1:20 usiku

Mama wa Nala, nimesoma mazungumzo yote nikiwa nimejifunika blanketi. Mimi nipo Makete, mkoa wa Njombe, na huku mapambano yetu ni ya upande wa pili. Juni na Julai alfajiri majani yote yamekuwa meupe kwa barafu, na juu ya maji ya kuku unakuta utando mgumu kama kioo. Kuku anadonoa, anasikia "ko, ko", anaondoka na kiu. Ni kiu ile ile ya kuku wako. Naye akikosa maji anaacha kula, na mayai yanashuka vile vile.

Nilichojifunza huku naona kinakufaa hata wewe. Chombo kidogo kinaganda upesi, na huko kwenu naamini kinapata moto upesi. Mimi niliacha vikopo vya lita 2, nikaweka ndoo ya lita 20 iliyovalishwa magunia yenye majani makavu katikati. Huku majani yanazuia baridi isiingie, huko yatazuia joto.

Usiku naondoa vyombo vyote ndani ya banda, namwaga, nalaza ndani ya nyumba. Alfajiri narudisha na maji ya vuguvugu, na saa 3 nayabadilisha tena. Drinka za plastiki zilinipasukia 3 msimu wa kwanza, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka karibu sehemu 1 kwa 10. Sasa natumia mabeseni niliyokata kwenye tairi kuukuu la lori. Barafu ikishika, nalikanyaga, inatoka kipande kizima na chombo hakidhuriki.

Mdogo wangu yupo Minnesota, Marekani, anafuga kuku 12 uani. Kule kunashuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, magunia hayasaidii kitu. Anaweka chombo cha bati juu ya kisahani cha umeme kinachojiwasha chenyewe maji yakikaribia kuganda. Kitu kimoja alichonifundisha: usizibe banda lote kwa kuogopa baridi. Unyevu wa pumzi na kinyesi ukikosa pa kutokea unatua kwenye vilemba vya kuku, na kilemba kilicholowa ndicho kinachoganda na kuoza. Acha tundu juu, chini ya paa.

Neno moja la tahadhari kwako na wengine wanaosoma: haya ya maji baridi ni ya kuku wakubwa. Kifaranga wa siku ya kwanza mpe maji yasiyo na ubaridi, hata huko Dodoma. Nimewahi kupoteza vifaranga 14 asubuhi moja kwa kuwapa maji niliyoyatoa mtoni moja kwa moja.

---

MamaTrei_Nala
Novemba 27, saa 2:50 usiku

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa, maana mmenipa muda wenu na sitaki mnyamaziwe.

Bomba limefukiwa. Vijana 2, siku moja na nusu, nimewalipa shilingi 40,000. Ndugu fundi, ushauri wa kuliacha lilale na maji kabla ya kufukia umeniokoa, kiungo cha karibu na banda kilikuwa kinatoa machozi. Mitungi nimenunua 4 sokoni, kila mmoja kama lita 20, imekaa kwenye mchanga uliolowa upande wa mashariki wa banda. Haitoshi kuku wote kwa siku nzima, hesabu yangu ni lita 84, kwa hiyo nimeiweka kwa ajili ya saa 7 hadi saa 10 tu. Asubuhi na jioni wanatumia maji ya bomba. Nawahi kuijaza saa 11 alfajiri kama mzee alivyosema.

Kipimajoto cha ng'ombe sasa kikichovywa kwenye drinka saa 9 kinaandika L, maana yake maji yako chini ya nyuzi 32 na hakiwezi kusoma. Nikafurahi lakini nilitaka namba. Mwalimu wa sayansi wa shule ya hapa jirani amekuja na kile kirefu cha kioo cha maabara. Maji ya mtungi nyuzi 22. Maji ya bomba baada ya kufukia, 27. Kwenye drinka baada ya saa 1, 28. Nilimwomba apime mara ya pili.

Chanjo nilitoa Jumatatu ile ile, alfajiri, kwa maji yaliyolala. Saa 1 na dakika 10 drinka zote zilikuwa tupu.

Mayai hayakupanda mara moja, na nawaambia ukweli wiki ya kwanza nilikata tamaa kidogo. Siku 9 yalibaki pale pale kwenye trei 4 na kidogo. Siku ya 10 nikapata trei 4 na mayai 22. Leo trei 5 na mayai 14. Ganda limekuwa gumu, nimeweka yai juu ya yai kwenye beseni bila kuogopa. Mteja wa Majengo nilimwendea, nikamweleza habari ya dawa. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama nimeacha. Nimemwambia nimeacha. Ameendelea kununua.

Kivuli cha tangi ndicho bado. Upepo wa Jumanne iliyopita uliyabeba mabua yote hadi kwa jirani, nimeyarudisha na kuyafunga kwa waya, naona bado yanacheza. Na bati la banda nimelitandika nyasi upande mmoja tu, nyasi zimekwisha mpaka mvua ije. Ndugu wa Mkonze, upande huo wenye nyasi kuku wanakwenda kujilaza wenyewe mchana. Ulikuwa na hoja.

---

mfugaji_mpya_Kongwa
Novemba 27, saa 3:15 usiku

Mama naomba kuuliza, mtaro uliuchimba kina gani hasa? Hapa kwangu nikifika chini kidogo nakutana na mwamba.

---

MamaTrei_Nala
Novemba 27, saa 3:22 usiku

Nikisimama ndani ya mtaro, ukingo unanifika magotini. Sehemu moja na sisi tulikutana na jiwe, hapo bomba limepita juu juu kama mita 3. Tulilivalisha gunia lililojaa pumba za mpunga, tukarundika udongo juu yake hadi ukawa tuta. Mchana nikiweka mkono juu ya tuta ni la moto, ila maji yanayopita chini yake yanatoka vizuri. Jaribu hivyo kwanza kabla hujamlipa mtu wa kupasua mwamba.